Usimwite Akiwa Gizani

Nitakutajia majina ya watu waliopita katika habari hii, walio hai na waliolala, ila la kwake sitalitaja. Usidhani nimelisahau. Mimi jina likishaniingia kichwani halitoki. Hata watu niliosimama nao foleni ya sukari asubuhi moja tu, miaka ile ya shida, nawakumbuka wote na majina ya baba zao. La kwake nimeliweka mahali, na sababu utaiona huko mbele. Kwa sasa mwite Mpiga Picha, kama tulivyomwita sisi, Tukuyu mjini mpaka huku kwetu Lupepo.

Ninavyomwona nikifumba macho ni hivi: amekaa kwenye kigoda nyuma ya studio yake pale mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu, karibu na mafundi cherehani, mikono imezama hadi viwiko ndani ya mfuko mweusi. Mfuko wenyewe ulikuwa na mikono miwili kama ya shati, umebanwa na mpira, na zipu mbili, moja ndani ya nyingine. Mtu asiyejua angedhani anamtoa kuku utumbo. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuangalia kitu. Uso ulikuwa wa mtu anayesikiliza chumba cha jirani.

Ukimkuta hivyo, sheria ilikuwa moja. Usimwite jina. Unaweza kukohoa, unaweza kukaa umngoje, hata kumtukana unaweza, hatashtuka. Lakini jina usitamke. Alituambia mtu akiitwa jina lake huitika na mwili wote kabla akili haijafika. Mkono unachomoka, mwanga unaingia, kazi imekufa. Ilishatokea. Mama Lugano, aliyekuwa akiuza nyanya pale mbele, alimwita siku moja kwa nia njema kabisa, anamuulizia picha yake ndogo ya kitambulisho. Mpiga Picha alikuwa anautoa mkanda wa harusi uliokwama ndani ya kamera. Akaitika, mkono ukatoka, na harusi ya watu wa Masoko, bibi harusi, bwana harusi, keki, ng'ombe wa mahari, yote ikaungua kwa mwanga wa saa nne asubuhi. Toka siku ile watu waliliogopa jina lake kama wanavyoogopa kuvuka mbele ya mtu anayesali. Pole pole likatoka midomoni. Watoto waliozaliwa baadaye hawakuwahi kulisikia.

Kumbe si mtu wa kimya hata kidogo. Kanisani aliimba besi mpaka benchi linatetemeka, na sokoni kicheko chake kilimtangulia. Alipenda kutania wajane. Mimi nikiwa mmoja wao, mume wangu Asegelile alikwishalala, alikuwa akiniona napita na mkungu kichwani anasema, "Mama Atupele, ukichoka kubeba ndizi nibebe mimi, sina uzito." Namjibu kwamba mwanaume anayeogopa kuitwa jina atawezaje kuitwa mume. Anacheka, mafundi cherehani wanacheka, napita zangu.

Lakini mtu huyohuyo hakuwa na picha yake hata moja. Ukutani mwake kulijaa sura za watu: waliobarikiwa kanisani, askari wa mgambo, watoto wa ubatizo, marehemu waliopigwa wakiwa bado wazima. Yake hakuna. Nikamuuliza, akasema kinyozi naye hajinyoi. Siku nyingine, hakuna aliyemuuliza, akasema yeye ameshaona filamu inavyomwona mtu na hataki kujua inamwonaje yeye.

Hapo alikuwa anaisema filamu ile nyingine.

Kabla ya studio alikuwa mwajiriwa. Kulikuwa na ofisi moja ya utafiti wa mazao, wakubwa wake walitoka mikoa mbalimbali, na kazi yake ilikuwa kupiga picha mashamba ya chai ili yaonekane yanayougua kabla hayajaanza kunyauka. Walitumia filamu ya pekee, yeye akiiita infraredi. Ikaja miaka ya soko huria. Mitumba ikafurika, maduka yakafunguka kila kona, na maofisini watu wakaanza kupunguzwa kazi. Ofisi ile ikafungwa. Mpiga Picha akatoka na kamera kuukuu, mfuko mweusi, na mikanda kadhaa ya filamu ile ambayo hakuna mwingine aliyejua ya nini. Aliihifadhi kwenye chungu cha maji ya chemchemi, imefungwa ndani ya mifuko ya nailoni, maana alisema joto linaizeesha.

Nieleze kidogo alivyonielezea, maana bila hilo hutaelewa lililotupata. Mkanda wa kawaida aliuweka kwenye kamera kivulini, mbele ya mteja, huku anapiga soga. Huu wa infraredi huwezi. Unakaa ndani ya kikopo chake, na kikopo kina mdomo mwembamba ambapo mkia wa filamu unatokeza. Mkanda wa kawaida, mwanga ukigusa mkia hauendi mbali. Huu, mwanga unapanda kwenye mkia kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, unaingia mpaka ndani kabisa. Kwa hiyo kikopo hakifunguliwi ila gizani, kamera inapakiwa gizani, na inafungwa gizani. Tena si giza la macho yako. "Macho yako ni mashahidi wa uongo," alikuwa akisema. "Yakishindwa kuona yanasema hakuna kitu." Filamu ile iliona mwanga ambao mtu haoni. Ilipenya vitambaa ambavyo wewe ungeapa ni vizito. Kidirisha kidogo cha mgongoni mwa kamera alikiziba kwa plasta ya kidonda.

Na picha zake, ndugu yangu. Niliziona mara ya kwanza siku ya mvua, nimejibanza studioni, akaniwekea moja mezani. Mlima Rungwe umesimama, mbingu nyuma yake nyeusi tii, ilhali ilikuwa mchana. Chini, mashamba ya chai meupe. Migomba meupe. Kila jani lilikuwa jeupe kama limemwagiwa jivu, na katikati wachuma chai wamesimama na vikapu vyao, ngozi zimelainika kama nta, na mahali pa macho pana mashimo meusi. Nilimtambua mmoja, Tumwitikege wa Kyimo, niliyekuwa naimba naye kwaya. Alikuwa anacheka kwenye picha ile. Sikungoja mvua ikatike, nilirudi nyumbani nayo.

Akanieleza kwamba jani jeupe ni jani zima, lina nguvu. Jani linaloumwa linakuwa jeusi hata kama wewe unaliona bichi. Nikamuuliza, na watu? Akasema watu hajui, ofisini hawakumfundisha watu.

Alikuwa anaiogopa. Hilo sikulijua mwanzo kwa sababu ya vicheko vyake. Akishasafisha picha za filamu ile ananawa mikono mpaka mabegani, na siku hiyo hakai karibu na moto, hanywi hata chai ya moto. Anakunywa maziwa ya mgando, baridi, peke yake. Watu wakaanza kusema kwamba anapiga picha za kuzimu. Yeye hakuwakanusha. Alisema tu kwamba hajawahi kuongeza kitu kwenye picha. Anachokikuta ndicho anachokileta.

Sasa shida yangu mimi.

Mtoto wangu wa kwanza anaitwa Tupokigwe. Nilimzaa nikiwa msichana sana, nyumbani kwa mume wangu Lupepo, na homa ilinishika katikati ya uchungu nikapoteza fahamu. Nilipozinduka mtoto alikuwepo, wa kike, mdogo kama kiganja. Nilimshika kidogo. Homa ikanirudia, na nilipoamka tena alikuwa ameshafariki na ameshazikwa. Aliyemzika ni mama mkwe wangu, Subilaga, yeye na jembe lake, maana mtoto mchanga haitiwi watu msiba. Aliniambia amemlaza kule bondeni, shamba la chini, karibu na kisiki cha mkuyu. Sikwenda kuangalia. Nilikuwa mgonjwa muda mrefu, halafu kisiki kikaoza, nyasi zikafunika, nikazaa wengine. Nikawa najiambia yuko nyumbani, hapotei.

Miaka ile ya ruksa ndipo shemeji yangu Gwamaka, mdogo wake marehemu mume wangu, alipoamua kuuza shamba la chini. Mfanyabiashara wa Mbeya alilitaka, asawazishe ardhi aweke mashine ya kusaga na maegesho ya malori. Nikamwendea Gwamaka, nikamwambia mtoto wa kaka yako yuko mle. Si mtu mbaya Gwamaka. Alikwenda kwa wazee wa kijiji, wakakaa, wakanijibu kama inavyojibiwa kwetu: kaburi haliuzwi, lakini kaburi linaonyeshwa kwa mkono, halionyeshwi kwa machozi. Nionyeshe lilipo, kipande hicho kitabaki na njia ya kupita. Nikishindwa, trekta linaingia.

Nikamwendea mama mkwe. Alikuwa amezeeka lakini akili yake ilikuwa kali kama wembe. Alijua kila kuku wake na kila mtu aliyemdharau. Nikamwomba anionyeshe. Akasema amesahau. Nikamwomba tena. Akasema umri umemla. Akaniuliza kwa nini nachokonoa kilichopona.

Nilizunguka bondeni kule siku nzima. Nyasi tupu, kijani kimoja. Hapo ndipo nilipomkumbuka yule mtu na filamu yake inayotofautisha jani na jani.

Alikataa. Akasema alikuwa anapiga chai, hakuwahi kupiga makaburi. Nikakaa kwenye ngazi ya studio yake. Akatoka kufunga dirisha akanikuta, akaingia. Akatoka tena akanikuta. Mwisho akaja akakaa karibu yangu, sauti imeshuka, akasema udongo uliowahi kuchimbwa ni laini kuliko jirani yake, mizizi inashuka chini zaidi, nyasi inashiba. Macho hayaoni. Filamu ingeweza kuona nyasi ya pale ni nyeupe kuliko nyasi ya kando. Ingeweza, akasema. Na amebakiwa na mikanda miwili.

Alipokuja Lupepo mara ya kwanza mvua ilimnyeshea njia nzima, mfuko mweusi ukaloa chepechepe. Maji hayakai na filamu, ikabidi atafute chumba. Chumba kisicho na dirisha kilikuwa kimoja tu, jiko la mama mkwe. Akamwomba kwa adabu, amesimama mlangoni na kofia mkononi, azime moto, tena uzimwe kabisa, maana filamu hii inaona joto la moto hata usiowaka. Mama mkwe akatazama chini, akasema sawa. Akatoa kuni nje, akamwagia maji mafiga. Tukaziba mlango kwa mablanketi na yeye akapakia kamera mle ndani, kwa mikono mitupu. Mvua ilipokatika akapiga bonde lote akiwa amesimama kule juu kwenye mteremko, kioo chekundu mbele ya kamera, akarudi mjini.

Alirudi baada ya siku kadhaa bila kicheko. Akaufungua mkanda mbele yetu barazani. Mweusi mwanzo mpaka mwisho, kama masizi ya sufuria.

Akamgeukia mama mkwe. "Bibi, moto ulizimwa?"

"Wa mafiga nilizima."

"Na mwingine?"

Mama mkwe akamwangalia bila kupepesa. "Moto wangu haujazimwa tangu siku niliyoletwa hapa kuolewa. Niliuchukua kwa mama mkwe wangu, naye kwa wa kwake. Niliuweka kwenye kigae, nikaufunika na jivu, nikausukuma mvunguni mwa kitanda mlemle jikoni. Hukuuona. Ungekusumbua nini?"

Na kweli, wanawake wa umri wake wote walifanya hivyo. Makaa yanalala chini ya jivu, asubuhi unapuliza. Mwanamke anayekwenda kuomba moto kwa jirani alichekwa. Basi kwa upande mmoja lilikuwa kosa ambalo bibi yeyote wa Rungwe angelifanya bila kuwaza. Ila mimi niliona namna alivyomtazama. Mpaka leo sijui kama aliuhifadhi ule moto au aliuficha. Mpiga Picha yeye hakukasirika. Aliinama, akasema, "Ndaga, bibi," ndiyo asante ya kwetu, kisha akaniambia pembeni kwamba moto uliofunikwa ndio filamu inaouona vizuri zaidi.

Ukabaki mkanda mmoja, na trekta lilikuwa limeshafika kijiji cha jirani.

Mara hii akaja na mfuko mkavu, lakini jikoni akasema hakanyagi, na jua la siku ile lilikuwa kali mno kuuamini mfuko peke yake. Alitaka mahali penye giza, baridi, pasipowahi kuwaka moto hata siku moja. Mahali hapo palikuwepo. Kulekule shamba la chini, pembeni, kulikuwa na shimo la kuivishia ndizi za pombe, refu kufika kifuani mwa mtu mzima, ambalo tuliliacha tangu mume wangu afariki. Mpiga Picha akalizunguka. Akashuka akagusa kuta zake. Akasema, "Hapa. Nifunikeni."

Mchana kweupe, ndege wanalia, tukamfunika mtu mzima. Aliketi chini miguu ameikunja, mfuko mapajani, kamera na kikopo ndani ya mfuko. Gwamaka na mimi tukapanga mbao juu, tukaweka majani makavu ya migomba, mablanketi mawili, halafu udongo. Gwamaka alikuwa anatokwa jasho lisilo la kazi. Akajaribu mzaha, akaniuliza, "Shemeji, tunamfunika au tunamzika?" Kutoka chini, sauti ya besi ikajibu kwamba kama ni kuzika, tuimbe vizuri. Halafu akasema kwamba sasa anafungua kikopo, na kuanzia hapo akawa kimya.

Ukimya ule nausikia bado. Hata kikohozi, hata zipu, hakuna. Udongo mpya umelala pale unyevunyevu, na wewe unajua chini yake kuna mtu anapumua na mikono yake inafanya kazi ambayo hata yeye haioni.

Ndipo mama mkwe akatokea, anakuja na fimbo yake kupitia migombani. Hakutusalimu. Akaja mpaka ukingoni, akasimama juu ya mbao zenyewe. Gwamaka akafungua mdomo, nikamshika mkono. Mama mkwe akainama kidogo, akamwita Mpiga Picha kwa jina lake kamili, jina la ubatizo na la baba yake, kwa sauti safi kabisa, kama mtu anayeita mgeni aje ale.

Aliita mara moja tu.

Sijawahi kuomba Mungu haraka kama pale. Chini hakukuwa na jibu. Mama mkwe akangoja, fimbo imekita juu ya blanketi. Kisha akageuka akaenda kukaa chini ya migomba, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue niliona mabega yake yamelegea.

Baada ya muda tukamsikia Mpiga Picha akigonga ubao. Tukamfukua. Alitoka na udongo kwenye nywele, kamera imefungwa, plasta iko mahali pake, uso umepauka. Hakumwangalia mtu. Alipanda mteremko, akapiga picha zake jua likiwa bado liko juu, akaondoka na njia ya mjini bila kuonja chakula nilichomwandalia.

Picha aliileta mwenyewe. Hakuniita ndani, aliiweka barazani juu ya mkeka na wazee wakiwepo, na Gwamaka, na mama mkwe pembeni kwenye kiti chake. Bonde letu lilikuwa pale, jeupe kama la ndoto, mbingu nyeusi juu. Migomba inang'aa. Na katikati ya nyasi, mahali ambapo mimi nilipita na kupita sikuona kitu, kulikuwa na kipande cheupe zaidi, urefu wa mkono wa mtu. Pembeni yake kulikuwa na kingine. Vilikuwa sawasawa, vimelala ubavu kwa ubavu kama watoto kitanda kimoja.

Mzee mmoja, Mwakajila, akasema mbona viwili. Watu wakamtazama Mpiga Picha. Akasema yeye hajaongeza kitu.

Nikamgeukia mama mkwe. Sikumuuliza. Alikuwa ameshasimama.

Akashuka bondeni kwa fimbo yake, sisi wote nyuma, pole pole mno. Kule chini hakutafuta, hakusitasita. Akakita fimbo. "Tupokigwe," akasema. Akasogea hatua moja, akakita tena. "Na huyu wa kiume. Alikuja baada ya dada yake, hajapumua. Wewe ulikuwa hujitambui."

Ninyi vijana mtashangaa kwa nini alificha. Kwetu zamani, kabla watu hawajazoea hospitali na kanisa, mapacha walikuwa jambo la kutisha. Mama yao alitengwa kwenye kibanda pamoja na mumewe, hasalimii mtu, hakaribii ng'ombe, mpaka watu wote wa ukoo wanyweshwe dawa. Mama mkwe alikuwa amemwona dada yake mwenyewe, Syabumi, akifia kibandani humo. Akaniona mimi binti nimelala na homa, damu haijakatika. Akachukua jembe, akachimba mara mbili, akafunga mdomo. Alinifichia mimi, akawafichia wote. Siri ile aliilaza kama moto wake, chini ya jivu, na kila asubuhi aliikuta hai.

Alisema hayo akiwa amesimama palepale. Halafu akaniambia, "Nilijua ukimwona mmoja utawaona wawili."

Kisha Mwakajila akasema kaburi limeonyeshwa kwa mkono. Kipande kile hakikuuzwa, nacho kipo mpaka leo, nyuma ya mashine, kimezungushiwa miti. Sikumlaumu mama mkwe. Jioni ya siku ile nilimpelekea uji, akanywa wote.

Liko jambo moja lilinisumbua. Mimi ninayekumbuka majina ya watu wa foleni, nilikuwa na mtoto asiye na jina. Siku chache baadaye tulishuka bondeni mimi na mama mkwe, wawili tu. Nikampa mwanangu jina la yule mtu aliyekubali kufukiwa hai ili mtoto huyo aonekane. Nililitamka pale, mama mkwe akalirudia, tukapanda nyumbani. Hatukumwambia yeyote. Gwamaka hakujua, hata binti yangu Atupele hakujua. Mama mkwe alilala mwaka uliofuata, na mimi nikabaki nalo peke yangu. Ndiyo sababu silitaji ovyo. Lina mwenyewe, na mwenyewe ni mtoto.

Mpiga Picha hakupata tena filamu ile. Zikaja picha za rangi, mkanda unatumwa Mbeya unarudi na bahasha, chumba cha giza akakigeuza stoo ya sabuni na betri. Akahamia Makandana kwa binti yake. Miaka ikapita, tunasalimiana tu kanisani.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa msimu wa baridi, ukungu umeshuka mpaka milangoni. Nilimpelekea ndizi na maziwa ya mgando. Nilimkuta barazani, amekonda, besi imekuwa nyembamba, na mapajani ana mfuko ule mweusi, mikono imezama hadi viwiko. Nilikaa nikangoja, kwa mazoea. Akacheka. "Ongea tu, mama Atupele. Hamna kitu humu. Napasha mikono."

Tukaongea habari za waliotangulia. Halafu akaniuliza kama naikumbuka siku ya shimo. Nikamwambia naikumbuka.

"Siku ile niliitwa mara mbili."

"Mara moja," nikasema. "Mama aliita mara moja. Nilikuwa nimesimama pale."

"Ya kwanza ilitoka juu. Nilijua ni bibi, nikauma meno." Mikono yake ilikuwa inatembea ndani ya mfuko, polepole, kama inapakia. "Ya pili ilitoka ubavuni. Upande wa bondeni, ndani ya udongo, karibu na sikio. Sauti ndogo. Ile ndiyo nilitaka kuiitikia."

"Kwa nini hukuitika?"

"Haikuwa inaniita. Mtoto akifundishwa jina lake unamjua anavyofanya. Analitamka, anasikiliza, analitamka tena. Ilikuwa hivyo. Ilikuwa inalijaribu."

Siku ya shimo nilikuwa bado sijajua kwamba yuko wa pili. Jina la Mpiga Picha nilikuwa sijampa.

Nikatazama ukungu. Nikamwambia basi, kila kitu, jina nililompa mwanangu na siku niliyompa. Alisikiliza mpaka mwisho, uso ule wa zamani, wa mtu anayesikiliza chumba cha jirani. Akachomoa mkono mmoja, akafunga zipu ya ndani, akafunga na ya nje, kama vile sasa kuna kitu humo.

Niliposimama kuondoka niliona si vema, miaka yote ile, kumuaga mtu kwa kazi yake. Nikafika kwenye ngazi, nikageuka, nikamuaga kwa jina.

Hakuitika. Aliinua kidole nisiongee, akatega sikio, kusikia kama mwenyewe ataitika.